Kuandaa tundu la jino kabla ya kuliziba: leza kwa kazi gani, keekee kwa kazi gani

Leza ninayoizungumzia ni Er:YAG, ya nanomita 2940. Haina makali. Mwanga wake hunyonywa na maji yaliyomo ndani ya jino lenyewe; maji hayo hugeuka mvuke ghafla na kulipasua jino vipande vidogo sana. Lishike hilo, kwani hatua nyingi zinatokana nalo.

1. Chagua jino kwanza. Penye amalgamu ya zamani, yaani kijazo cha metali chenye zebaki, weka leza kando, kwa kuwa joto lake hutoa mvuke wa zebaki. Iondoe kwa keekee, maji mengi na bomba la kunyonya. Jino la kuvikwa taji nalo ni la keekee. Leza naipenda kwa tundu dogo, hasa la mtoto au mtu anayekakamaa akisikia tu mlio wa keekee.

2. Ganzi. Wengi huvumilia leza bila sindano tundu likiwa la juujuu, lakini usimwahidi mtu kwamba hatasikia kitu. Mwambie anyooshe mkono akiumia, nawe ukiuona, simama. Sindano iwe tayari.

3. Miwani kwa watu wote chumbani, iliyotengenezwa kwa leza hiyo hiyo.

4. Fungua enameli, gamba gumu la nje la jino. Shika ncha umbali wa kama milimita 1, uipitishe bila kuituliza mahali pamoja. Utasikia pa-pa-pa ya kupasuka. Usiharakishe: enameli ina maji machache, na hapa keekee inayozunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika itakushinda mbio. Maji ya kupoza yasikatike hata kidogo. Ukiona weusi au ukinusa harufu ya kuungua, ondoa mguu kwenye pedali, kagua vitundu vinavyotoa maji. Kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye neva, kikipanda joto nyuzi 5.5 hivi za Selsiasi, tayari kiko hatarini, iwe kwa leza au kwa keekee.

5. Shusha nishati ukifika kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli. Dentini ina maji zaidi, na sehemu iliyooza ina mengi kuliko zote, hivyo uozo huondoka upesi. Ila hapa ndipo mkono hudanganyika. Keekee hukwambia kwa mtetemo kwamba umefika pagumu. Leza haigusi, haikwambii chochote. Kwa hiyo nasimama kila mara, nachukua kijiko cha kuchokolea na kukwangua. Kikizama, bado. Kikikwaruza kwa sauti kavu, basi. Karibu na kiini simalizii kwa leza: natumia kijiko, au keekee ya mwendo wa taratibu yenye ncha ya duara, na tabaka la mwisho lenye ulaini wa ngozi ya kiatu naliacha kuliko kukitoboa kiini.

6. Kingo. Leza huziacha na mikwaruzo, na haiachi ule utando wa vumbi unaoachwa na keekee. Wengine huona hiyo ni ruhusa ya kuruka asidi, ile inayoiandaa enameli ishike gundi ya kijazo. Mimi siruki: nalainisha kingo kwa ncha laini ya almasi, napaka asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwenye enameli kwa sekunde 15 hadi 30, naosha, naikausha hadi iwe nyeupe kama chaki, ndipo nachukua gundi.