Kuhudumia hifadhidata ya duka kwa DBeaver bila kusimamisha kaunta

Tuchukue duka la vipuri Mwembe Tayari, Mombasa: kompyuta ya ofisini inaendesha MySQL, programu inayotunza hifadhidata, na kaunta mbili zinauza kupitia hiyo. DBeaver ni programu ya kufungua na kuhudumia hifadhidata; toleo lake la Community ni la bure na laptopu ya kawaida inaimudu.

Bonyeza alama ya plagi juu kushoto, chagua MySQL, kisha jaza anwani ya seva (mfano 192.168.1.10), poti 3306, jina la hifadhidata, mtumiaji na nenosiri. Mara ya kwanza programu hupakua draiva (kiunganishi chake na MySQL), kwa hivyo intaneti iwepo. Bonyeza Test Connection. MySQL 8 ikijibu "Public Key Retrieval is not allowed", usihangaike kubadilisha nenosiri. Fungua Driver properties, uweke allowPublicKeyRetrieval kuwa true. Ikiwa haiunganishi kabisa na seva ni Ubuntu, angalia bind-address kwenye mysqld.cnf, maana huko MySQL huja ikisikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani kompyuta yenyewe tu. Anayefanya kazi akiwa nyumbani Likoni apitie kichupo cha SSH, njia ya kuunganisha iliyosimbwa. Poti 3306 haifunguliwi kwa dunia nzima.

Usiingie kwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, kila siku. Anayetazama ripoti tu apewe mtumiaji wake. Muunde kwanza kwa CREATE USER, kisha mpe ruhusa ya kusoma tu:

GRANT SELECT ON duka.* TO 'msomaji'@'192.168.1.%';

Jedwali likifunguka na mistari 200 pekee, data haijapotea: hicho ndicho kiwango DBeaver inacholeta kwa mkupuo mmoja.

Kwenye kubadilisha data ndiko watu huumia. Kabla ya yote, pale juu palipoandikwa Auto, geuza iwe Manual Commit, ili badiliko lisihifadhiwe mpaka ubonyeze Commit. Kisha:

UPDATE bidhaa SET bei = 1450 WHERE msimbo = 'BP-204';

Bonyeza Ctrl+Enter, usome Updated Rows. Ulitarajia 1, ukiona 3800 bonyeza Rollback (kufuta badiliko) papo hapo. Angalia pia kishale: ukiwa umechagua kipande cha amri, kile kipande tu ndicho kinachotekelezwa, na WHERE iliyobaki nje haisaidii kitu.

Ila Manual ina adha yake. Ukibadilisha mstari halafu ukaenda kunywa chai bila Commit wala Rollback, mstari ule unabaki umefungwa. Kaunta inayotaka kupunguza stoku ya bidhaa hiyo itangoja sekunde 50, kisha itoe "Lock wait timeout exceeded", na lawama zote ziende kwa mtandao.

Tena Rollback haiokoi kila kitu. DROP, TRUNCATE na ALTER kwenye MySQL hujithibitisha zenyewe, na majedwali ya aina ya zamani ya MyISAM hayajui kurudi nyuma kabisa. Hapo ni nakala rudufu tu.

Bofya kulia jina la hifadhidata, ingia Tools, chagua Dump database. Ikiuliza Local Client, inatafuta mysqldump, ambayo haiji na DBeaver. Sakinisha zana za MySQL kwanza. Kwa majedwali ya InnoDB, aina ya kawaida ya MySQL ya leo, chagua njia ya "Online backup in single transaction", kaunta zitaendelea kuuza. Faili lisikae kwenye kompyuta ileile.

Kisha unda hifadhidata tupu, iite jaribio, ulirejeshe faili humo kwa Restore database na ulinganishe SELECT COUNT(*) ya jedwali la mauzo pande zote mbili. Idadi ya jaribio ikipungua kwa zaidi ya mauzo yaliyoingia tangu unakili, huenda dump ilikatika njiani, irudie.