Siku ya sayansi ya maji mwaloni: namna ya kuiandaa, pamoja na maswali ya wanachama

Somo hili ni la vikundi vya mazingira, walimu na kamati za mialo (mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki) upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, kuanzia Kasensero hadi Majanji, wanaotaka kuwakusanya watu siku moja wapime maji yao wenyewe. Msingi wake ni huu: mtu aliyeshika kamba mwenyewe akaona sahani ya kupimia uwazi wa maji inapotelea majini hahitaji kuhubiriwa kuhusu uchafuzi. Kwa hiyo saa nyingi ziwe za vipimo, na hotuba zipewe dakika chache.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kalenda

Wengi huchagua 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, au 8 Juni, Siku ya Bahari Duniani, wakaishia hapo. Mwaloni mwezi ndio unaoamua. Mukene, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki. Siku za mwezi mpevu wavuvi wake hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kukarabati mitumbwi, na hapo ndipo utakapowapata wakiwa wamelala vizuri na wana nafasi. Chukua Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu, hata kama iko wiki moja nje ya tarehe ya dunia. Ukiweka shughuli siku ambazo usiku hauna mbalamwezi utapata watoto wa shule na wageni, na wenye ziwa watakuwa wamelala au wanaanika samaki.

Wiki mbili kabla, mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kamati ya mwalo na afisa uvuvi. Waachie karatasi yenye tarehe, saa, idadi ya mitumbwi na majina ya manahodha. Wanajeshi wanaolinda uvuvi, kama wapo, nao wapewe nakala, maana mtumbwi uliojaa wageni wasio na nyavu, unaosimamasimama ziwani, ni lazima usimamishwe na kuulizwa.

Hatua ya 2: Tengeneza sahani ya Secchi

Hiki ndicho kifaa cha siku nzima, na fundi wa mtaani anakitengeneza kwa asubuhi moja. Kadiri sahani inavyopotelea mbali chini, ndivyo maji yalivyo wazi. Kilianzishwa na padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, aliyekuwa pia mwanafalaki, alipopima uwazi wa maji ya Mediterania mwaka 1865. Baharini hutumika sahani nyeupe tupu ya sentimita 30. Kwa ziwa tumia ya sentimita 20, yenye robo mbili nyeusi na mbili nyeupe zinazopishana.

Kata duara la sentimita 20 kutoka kwenye bati bapa nene au mfuniko mgumu wa ndoo. Paka rangi isiyong'aa, tabaka mbili, na uache ikauke usiku mzima. Rangi ya kung'aa hurudisha mwanga wa jua, na msomaji ataendelea kuona mng'ao wakati sahani yenyewe imeshapotea. Toboa katikati, pitisha bolti yenye kitundu cha kamba juu, kaza kwa nati na washa (pete bapa za chuma) pande zote mbili. Chini ning'iniza uzito wa kilo moja hivi: mkebe uliojazwa saruji unatosha. Sahani nyepesi huvutwa na mkondo, kamba inalala mshazari, na kipimo kinakuja kirefu kuliko kina cha kweli.

Kamba ndiyo inayoharibu kazi ya wengi. Nailoni mpya hunyooka ikilowa. Kabla ya kuweka alama, iloweke, ining'inizie uzito uleule wa kilo moja kwa saa chache, kisha weka alama kila sentimita 10 kwa kalamu isiyofutika, na uzi mwekundu kila mita. Sifuri ni uso wa juu wa sahani. Wako wanaoanza kuhesabu kwenye fundo lililo juu ya bolti, na kila kipimo chao kinapungua sentimita kadhaa bila wao kujua. Mita 8 za kamba zinatosha kwa ghuba zetu.

Hatua ya 3: Kupima ziwani

Anza saa nne asubuhi na umalize saa sita. Kabla ya hapo jua liko chini na mwanga hauzami vizuri. Baadaye upepo wa ziwani huanza kuvuma, na mawimbi yakishakatakata uso wa maji hakuna anayesoma sawasawa. Watu sita kwa mtumbwi mmoja, kila mmoja na jaketi la kuelea alilofungiwa akiwa bado nchi kavu. Asiye na jaketi habebwi, awe mgeni rasmi au mvuvi wa miaka mingi.

Nahodha azime injini kabla ya kufika na kuuacha mtumbwi uteleze hadi mahali pa kipimo. Nanga ishushwe taratibu upande wa pili, kwa sababu ikivuruga tope la chini mtakuwa mnapima tope lenu. Shusha sahani upande wenye kivuli. Msomaji avue miwani ya jua, ainame karibu na maji, na kamba ishuke polepole. Sahani inapotoweka, shika alama iliyo usawa wa maji kwa kibanio cha nguo. Ishushe kidogo zaidi, kisha ivute hadi ionekane tena na uishike alama hiyo nayo. Wastani wa alama hizo mbili ndio kipimo. Ikitoweka kwenye mita 1.4 na kurudi kwenye mita 1.2, andika 1.3.

Sahani ikigusa chini bado inaonekana, andika "imefika chini" pamoja na kina, kwa sababu hicho si kipimo cha uwazi. Sogea maji marefu zaidi.

Pimeni mahali patatu angalau: karibu na mwalo, karibu na mdomo wa mto au mfereji unaoingia ziwani, na nje ya ghuba. Tofauti ya sehemu hizo tatu ndiyo itakayozungumza kuliko namba yoyote moja. Palepale pima joto kwa kipimajoto cha spiriti (cha zebaki kisiingie mtumbwini), kikae majini dakika moja na kisomwe kikiwa bado majini. Ukikitoa nje, upepo hukishusha kabla hujakisoma.

Mkiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, msiuguse wala kuuchota kwa mikono mitupu. Baadhi ya bakteria wanaoufanya, hasa kwenye ghuba kama ile ya Murchison inayopokea maji ya mfereji wa Nakivubo kutoka Kampala, hutoa sumu ya ini. Andika mahali na saa, piga picha, ondokeni.

Hatua ya 4: Kuhesabu taka ufukweni

Kundi lililobaki nchi kavu linanyoosha kamba ya mita 100 sambamba na maji. Hesabu kila kitu kati ya ukingo wa maji na mahali majani yanapoanza: chupa, vifuniko, kavera (mifuko ya plastiki), vipande vya nyavu, kandambili, mengineyo. Watu wawili wawili, mmoja anaokota, mmoja anachora vijiti kwenye karatasi. Hesabu kwanza, gunia baadaye. Mkishachanganya hamtaweza kurudi nyuma. Kung'uta mchanga kabla ya kupima uzito kwenye mizani ya wanunuzi wa samaki, maana kavera moja lenye mchanga mbichi lina uzito wa makavera kumi makavu.

Gari la kuchukua taka lithibitishwe siku moja kabla. Rundo lililoachwa mwaloni "litachukuliwa Jumatatu" hurudi ziwani na mvua ya kwanza, na watu hawatakuja mara ya pili.

Hatua ya 5: Meza ya bahari

Watu watauliza bahari inawahusu nini, na wana haki. Jibu liko mezani na liko kwenye kuta za nyumba zao. Weka maji ya kawaida kwenye chombo cha kioo. Kwenye chupa nyingine yeyusha gramu 35 za chumvi kwa lita moja, yaani vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha bahari, na utie rangi ya chakula. Yashushe polepole kwa mrija mwembamba hadi chini ya chombo. Yatatulia chini kama tabaka la rangi. Mkimimina kwa haraka yanachanganyika. Mkiyeyusha chumvi kwa maji ya moto, yaacheni yapoe kabisa, kwa kuwa maji ya moto ni mepesi na tabaka halitakaa.

Kisha eleza: bahari ina matabaka ya chumvi na joto, na upepo unaweza kuyasukuma. Miaka mingine upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ulio karibu nasi, hupata joto kuliko upande wa mashariki, na mvua za Oktoba hadi Desemba huzidi Afrika Mashariki. Ndivyo ilivyokuwa 2019. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipita kiwango cha juu kilichowekwa 1964, na mialo mingi ikaingia maji. Aliyehamisha duka lake mwaka ule anaelewa mara moja.

Jambo moja msiseme: kwamba chupa iliyotupwa Ggaba itafika Misri. Kati yake na Mediterania, kwenye njia ya Mto Naili, kuna mabwawa ya Jinja na ya chini yake, Ziwa Kyoga, na vinamasi vya Sudd kule Sudan Kusini. Taka kubwa hunaswa njiani, hapa kwetu. Maji ndiyo yanayofika, na yanabeba yaliyoyeyuka ndani yake. Ukisema lisilo kweli mbele ya wavuvi watalijua, na vipimo vyako vyote vitatiliwa shaka.

Hatua ya 6: Matokeo yatoke siku hiyohiyo

Ubao mmoja mkubwa, Kiganda na Kiswahili, namba za sehemu tatu na hesabu ya taka. Aliyepima ndiye asome, si mratibu. Unaweza kuongeza kwamba miaka ya 1920 sahani katikati ya ziwa ilionekana kupita mita 5, na kufikia miaka ya 1990 mahali pengi ilipotea kabla ya mita 3, kwa sababu ya fosforasi na naitrojeni zinazolisha mwani. Ila usilinganishe namba ya ghuba yenu na ya katikati ya ziwa kana kwamba ni mahali pamoja. Mzungumzaji yeyote asizidi dakika kumi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Masaka: Shule yetu haina pesa ya mtumbwi. Gati inafaa?

Inafaa, mwalimu, mradi mwisho wa gati maji yawe marefu kuliko kipimo. Ikiwa sahani inafika chini bado inaonekana, gati hiyo haifai. Simameni upande wa kivuli, na msipime baada ya boti kuondoka mpaka tope litulie. Mkipima kila wiki mahali palepale, saa ileile, daftari lenu litakuwa na faida kuliko safari moja ya mtumbwi kwa mwaka.

Mama wa mukene, Katosi: Watoto wataingia majini tu, mnawazuiaje? Bilhazia imetusumbua hapa.

Mama, una haki kuliuliza. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na hutoka kwa wingi mchana, saa zilezile za shughuli yetu. Kwa hiyo watoto wapewe kazi ya meza, ubao na karatasi za kuhesabia. Watu wazima wapandie gatini. Pasipo na gati wavae gambuti ndefu. Kujifuta kwa taulo hakutoshi, msilitegemee. Maji ya maonyesho yachotwe siku mbili kabla, kwa kuwa vijidudu hivyo haviishi muda huo bila kupata mwili. Atakayelowa aende kituo cha afya apimwe baada ya miezi miwili hivi, kwa sababu mapema mno mayai bado hayaonekani. Dawa ipo, prazikwanteli, na uzito wa mtu ndio unaoamua kipimo chake.

Kaka wa Kasese: Tulifanya jaribio la yai kuelea kwenye "maji ya bahari". Yai likazama mbele ya shule nzima. Tulitumia chumvi ya Ziwa Katwe, ndiyo shida?

Hapana, kaka. Yai bichi jipya linazama hata baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, na yai ni zito kuliko hapo. Ili lielee mnahitaji chumvi zaidi ya mara tatu, gramu 120 kwa lita au kupita. Yai la zamani huelea mapema kwa sababu lina hewa ndani, na hapo jaribio linawadanganya kwa njia nyingine. Chumvi ghafi ya Katwe ina chumvi za aina nyingine pia na mara nyingi ina unyevu, kwa hiyo gramu zake hazitalingana na za chumvi ya mezani. Itumieni kuonyesha kwamba Uganda ina maji yenye chumvi kuliko bahari.

Kikundi cha vijana, Ggaba: Watu watatu walipima mahali pamoja wakapata 0.9, 1.0 na 1.2. Tuandike ipi?

Andikeni zote tatu, na ubaoni iende ya katikati, 1.0. Macho hayafanani. Mkipishana zaidi ya sentimita 30 rudieni: huenda mmoja alikuwa upande wa jua, au mtumbwi ulisogea na kamba ikalala mshazari.

Mjumbe wa kamati ya mwalo, Mukono: Mgeni rasmi akija anachukua saa nzima na maikrofoni. Ukimkatiza ni matusi.

Usimkatize, mzee. Mpange kwenye mtumbwi wa kwanza, apime sehemu ya mfereji, na akirudi aitwe kusoma namba yake ubaoni. Mwambie hivyo kwenye barua ya mwaliko, pamoja na saa ya kuondoka gatini. Wengi hukubali, na mtu aliyeshika kipimo chake mkononi huongea kuhusu kipimo hicho. Namba ikiwa mbaya ataulizwa palepale kuhusu mfereji, mbele ya wapiga kura.

Mwalimu, Masaka tena: Na daftari likijaa tumpe nani?

Nakala kwa afisa mazingira wa wilaya na kwa afisa uvuvi, daftari lenyewe libaki shuleni. Kila mstari uwe na tarehe, saa, mahali, hali ya anga, jina la msomaji na alama zote mbili, ya kutoweka na ya kuonekana tena. Mstari usio na saa wala mahali hautamfaa mtafiti yeyote atakayekuja kuusoma.