Menyu ya blogu haifunguki kwenye simu? Kagua setingi za JavaScript kwenye plagini ya kashe

Msomaji anakwambia anabonyeza ile mistari mitatu ya menyu na hakuna kinachotokea, wewe unafungua blogu yako unaona kila kitu kiko freshi, unaanza kuhisi simu yake ndo mbovu. Simu yake haina shida jamani, msikilize. Kwenye WordPress plagini nyingi za kashe (zinazotunza nakala ya ukurasa ili ufunguke haraka) na za kuongeza spidi hazimpi aliyelogin zile kurasa zilizobanwa, kwa hiyo wewe na msomaji hamuoni kitu kimoja. Menyu ya simu mara nyingi inaendeshwa na JavaScript, yaani kodi inayofanya ukurasa uitikie ukibonyeza, na hizo plagini huigusa hiyo kodi.

Hatua ya 1: kagua kama mgeni. Kwenye kompyuta fungua dirisha fiche (incognito), usilogin, punguza upana wa dirisha mpaka menyu ya simu itokee. Hili usiliruke, maana majaribio yote ya mbele yanafanyika humu humu.

Hatua ya 2: bonyeza F12, ingia Console, refreshi ukurasa na utafute mistari myekundu. Ukikuta "jQuery is not defined" ujue kuna skripti (kipande cha JavaScript) imeita jQuery, maktaba ya JavaScript inayotumiwa na themu na plagini nyingi, kabla haijapakiwa, na mara nyingi chanzo ni setingi ya Defer kwenye plagini, yaani faili la jQuery limeambiwa lisubiri ukurasa usomwe wote kwanza wakati vipande vya kodi vilivyo ndani ya ukurasa wenyewe havisubiri mtu. Setingi ya Delay, inayochelewesha skripti, ina dalili yake: mguso wa kwanza kwenye menyu haufanyi kitu, wa pili inafunguka, kwa sababu skripti zinaanza kupakiwa pale msomaji anapogusa skrini au kuscroll. Hii inawapita wengi kwa sababu konsoli inaweza kuwa safi kabisa. Halafu kuna Combine, hii inaunganisha mafaili kuwa moja, na kosa la faili moja linaweza kuzima yote yaliyopangwa nyuma yake.

Hatua ya 3: thibitisha bila kuzima chochote. Kama plagini yako ya spidi ni Autoptimize ongeza ?ao_noptimize=1 mwisho wa anwani ya ukurasa, kwa WP Rocket ni ?nowprocket. Menyu ikifunguka, tatizo liko kwenye hiyo plagini.

Hatua ya 4: zima setingi moja moja. Nasisitiza moja moja, ukizima zote kwa mpigo menyu itapona ila hutajua nani alikuwa anaiua na spidi umeshaipoteza. Anza na Delay, kisha Defer, kisha Combine. Kila ukitoa tiki, save, futa kashe ya plagini, na kama blogu inapita Cloudflare (huduma inayokaa kati ya blogu na wasomaji na ina kashe yake) futa na ya kule, alafu funga dirisha fiche na ufungue jipya. Usipofuta kashe utakuwa unaangalia ukurasa wa zamani na utamuachia mkosaji.

Hatua ya 5: ukishaijua setingi, irudishe kisha weka faili husika kwenye orodha ya mafaili yasiyoguswa, kawaida inaandikwa Exclude. Kwa jQuery andika wp-includes/js/jquery/jquery.min.js. Kwa Delay haitoshi kuitoa jQuery peke yake, ongeza na faili la menyu la themu yako, jina lake utalipata kwenye kichupo cha Network humo humo kwenye F12. Ikiwa ni Combine, mi ningeiacha imezimwa tu, seva zenye HTTP/2 (njia mpya zaidi ya kutuma kurasa) zinatuma mafaili mengi kwa pamoja kwa hiyo faida yake siku hizi ni ndogo.

Menyu ikikaa sawa jaribu pia kisanduku cha kutafuta, fomu na picha zinazokuzwa, vingi navyo vinategemea JavaScript. Na kama umezima zote tatu na bado imegoma, weka plagini inayoitwa Health Check & Troubleshooting, ina hali ya majaribio inayozima plagini zote kwako tu huku wasomaji wakiendelea kuona blogu kama kawaida, halafu unaziwasha moja baada ya nyingine mpaka inayoharibu ijitokeze.