Siki ya maganda ya matunda: hamira kwanza, hewa baadaye

Hamira haitengenezi siki. Kazi yake ni kula sukari na kutoa alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi; bakteria wa siki ndio wanaoigeuza alkoholi hiyo kuwa asidi ya asetiki. Hamira hutoa alkoholi pasipo hewa, ilhali bakteria hawa bila hewa hawafanyi lolote. Ukianzisha kazi zote mbili siku moja katika chombo kimoja, asidi hutangulia, hamira hudhoofika, na sukari iliyobaki huwa chakula cha ukungu.

Chagua mabaki yenye sukari iliyo tayari: maganda ya mananasi, maembe yaliyoiva kupita kiasi, mabibo, ndizi zilizolainika. Mabua ya mahindi na makapi ya miwa yaliyokamuliwa yaache. Sukari yake imefungwa ndani ya nyuzi, na hamira ya mkate haina uwezo wa kuifungua.

Osha kilo 10 za maganda, ondoa yote yenye ukungu, katakata, kisha chemsha na lita 10 za maji kwa dakika 15. Chuja. Pima utamu kwa rifraktomita, kifaa kinachosoma kiasi cha sukari katika tone la juisi: unataka digrii 12 za Brix, yaani takribani gramu 12 za sukari katika kila gramu 100 za juisi. Ukipungukiwa, gramu 100 za sukari katika lita 10 huinua kipimo kwa takribani digrii 1. Digrii 12 hukupa alkoholi ya asilimia 6 hivi. Usishawishike kuzidisha sukari ili siki iwe kali. Alkoholi ikivuka asilimia 8 au 9, bakteria wa siki huanza kulemewa.

Juisi ikipoa hadi nyuzi 30, tia hamira kavu gramu 1 kwa kila lita, iliyokwisha kuamshwa kwa dakika 10 katika maji ya uvuguvugu. Ukiitia juisi ikiwa bado moto, inakufa. Funga ndoo, pitisha mpira mwembamba kwenye kifuniko na uuzamishe mwisho wake katika chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Ndoo iliyofungwa kabisa inaweza kupasuka. Baada ya siku 5 hadi 7 mapovu hukoma. Mimina juisi taratibu na uache masimbi chini, maana hamira iliyokufa huipa siki harufu mbaya.

Sasa ndipo hewa inahitajika. Hamishia juisi kwenye chombo cha mdomo mpana, cha kioo au plastiki ya chakula. Alumini, shaba na bati huliwa na asidi na kuchafua siki. Kwa kila lita 4 ongeza lita 1 ya siki hai, yaani ambayo haijapashwa moto. Asidi yake huzuia ukungu tangu siku ya kwanza. Jaza hadi theluthi mbili tu, funga kwa kitambaa kilichofumwa kwa karibu ili nzi wa matunda wasipite, weka kivulini kwenye nyuzi 25 hadi 30. Utando utatanda juu. Usiutikise, kwa kuwa ukizama hukosa hewa na kazi husimama. Utando laini wa kijivujivu ni wa bakteria. Wenye manyoya ya kijani au meusi ni ukungu, na hapo mwaga yote.

Kwa kawaida wiki 3 hadi 6 zinatosha, lakini ulimi hauwezi kukuambia asilimia ya asidi. Chukua mililita 1 ya siki, ongeza maji safi kiasi na matone machache ya finolftaleini (kiashiria kinachobadilika rangi asidi ikiisha), kisha dondosha hidroksidi ya sodiamu, alkali ya kuua asidi, yenye nguvu ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) hadi rangi ya waridi ibaki. Zidisha mililita ulizotumia kwa 0.6: mililita 8.3 ni takribani asilimia 5. Siki usiyoipima usiitumie kuhifadhia mboga, kwani asidi ikiwa pungufu bakteria hatari wanaweza kukua humo.

Ikifika kipimo, usiiache wazi. Alkoholi ikiisha, bakteria walewale huanza kula asidi yenyewe na siki hupungua ukali siku hadi siku. Tenga lita chache kwa ajili ya mzunguko ujao. Iliyobaki ipashe moto hadi nyuzi 65–70, jaza chupa hadi shingoni na kuziba.