SOMO: Kuchambua maswali ya kuchagua baada ya mtihani wa darasa

Kila muhula lazima mtu anifuate inbox: "Ticha, darasa zima limefeli, nitajuaje kosa ni langu au lao?" Naandika hapa mara moja, mtaelekezana wenyewe. Mfano ni Hisabati Darasa la Tano, watoto 60.

1. Sahihisha. Karatasi usizirudishe kwanza.

2. Zipange kuanzia alama ya juu hadi ya chini.

3. Toa 27% za juu na 27% za chini, yaani 16 na 16. Za katikati weka kando. (Kiwango hicho ni cha Truman Kelley, 1939. Kwa kazi ya mkono hata theluthi inatosha.)

4. Kwa kila swali, hesabu waliochagua A, B, C na D, kila kundi peke yake. Wengi huandika "kapata" na "kakosa" wakaishia hapo. Utajua swali limewashinda, hutajua limewashindaje. Chukua ¾ + ½. Kundi la juu: 13 walichagua 1¼, wawili 4/6, mmoja 3/8. Kundi la chini: 4 walipata, 9 wakachagua 4/6, 3 wakachagua 3/8. Jibu la nne, 2, hakuna aliyeligusa. Wale 9 hawakubahatisha: wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Wana kanuni yao kichwani, na Jumatatu unaanzia hapo. Wa 3/8 wamezidisha. Ile 2 ni kipotoshi (jibu la uongo la kumtega asiyejua) kisichompotosha mtu, ibadilishe.

TAHADHARI: aliyeacha wazi ana safu yake, usimsukumie kwenye herufi yoyote. Na kama ulichapa matoleo mawili kuzuia kuangaliziana, rudisha herufi kwenye mpangilio mmoja KABLA ya kuhesabu. Usipofanya hivyo, A ya huku itachanganyika na A ya kule, na jedwali litapendeza huku ni uongo mtupu.

5. Ugumu, yaani sehemu ya waliopata katika makundi yote mawili: (13 + 4) ÷ 32 = 0.53. Likikaribia 1 ni rahisi mno, likikaribia 0 ni gumu mno.

6. Utenganishi, yaani swali linavyowatenga wa juu na wa chini: (13 − 4) ÷ 16 = 0.56. Kuanzia 0.3 ni swali zuri. Chini ya 0.2 lisome upya. Likitoka hasi, kagua kwanza majibu yako ya kusahihishia, ndipo uwalaumu watoto.

MASWALI

Chaki Moja: Mkuu, hiyo 16 umeitoa wapi?

Hatua ya 3.

Mzee wa Ripoti: Naomba PDF, sina muda wa kusoma yote.

Muda wa kutunga mtihani mwingine mbovu unao?

Mwalimu wa Kijijini: Mimi nina watoto 18 tu. 27% ni watano, inafaa?

Swali zuri. Gawa darasa nusu kwa nusu, 9 na 9. Ila mtoto mmoja akibadili jibu, utenganishi unasogea kwa 0.11, kwa hiyo usifute swali kwa sababu ya namba peke yake. Soma vipotoshi, kisha waite wawili watatu wakueleze walivyofikiri. Hapo utapata mengi kuliko kwenye hesabu.

Bi Mwalimu: Na maswali ya kujieleza?

Chukua wastani wa kundi la juu, toa wastani wa kundi la chini, gawa kwa alama kamili za swali. Swali la alama 10, juu 7.5, chini 3: utenganishi ni 0.45. Ila sahihisha swali moja kwa darasa zima ndipo uende la pili, mkono usilegee njiani.

Mzee wa Ripoti: Kwa hiyo PDF hakuna?

Hakuna.

Mwanachuo: Naweza kuitumia kwenye utafiti wangu wa darasani?

Ndiyo, kwenye jaribio la kupimia zana, kabla ya kukusanya data yenyewe. Majina ya watoto yageuze namba. Kabla hujaanza pakua taarifa za NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ziko kwenye tovuti yao. Angalia wanavyoeleza kwa nini kila kipotoshi kilichaguliwa, uandike hivyo hivyo.

Chaki Moja: Nimeipata hatua ya 3. Samahani.

Poa. Tali zipige kwenye karatasi ya maboksi, utaona haraka.