Kuruka juu ya wimbi la boti: kazi inaanzia bondeni

Msimu wangu wote wa kwanza wa kuteleza kwa ubao kwenye wimbi linaloachwa nyuma na boti (wakesurfing), niliruka kwa mabega. Nikifika kileleni narusha mikono, kifua kinafuata, ubao unabaki majini. Kilichonikwamua ni kutambua kwamba mruko huandaliwa chini, kwenye bonde la wimbi, kabla hata hujakiona kilele vizuri.

Ila tuanze na boti, maana hapa sina mzaha. Rafadha, yaani pangaboi inayosukuma boti, iwe imefichika chini ya boti. Boti yenye mashine ya kuning'inia nyuma usiifuate kamwe, kwa kuwa unateleza mita chache tu kutoka tezi, yaani nyuma ya boti. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua, kwa hiyo usikae kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwaka. Vaa jaketi okozi, awepo mtu mwingine wa kukutazama, asiye nahodha, na nahodha ashike mwendo mmoja kati ya kilomita 16 na 19 kwa saa. Mwendo ukipandapanda, wimbi nalo linabadilika, nawe hujifunzi kitu.

Je, unaweza kuachia kamba ya boti inayokuvuta mwanzoni na kubaki wimbini dakika tatu, ukisogea mbele na kurudi nyuma upendavyo? Kama bado, subiri. Uzito kwenye mguu wa mbele unakuongezea kasi, kwenye wa nyuma unakupunguzia. Hilo likishaingia mwilini, jizoeze miruko midogo palepale wimbi linapokusukuma: kandamiza mkia, vuta goti la mbele, kisha inua mguu wa nyuma. Ubao mwepesi wenye mapezi mafupi husaidia sana hapa.

Sasa mruko wenyewe. Sogea mbele, karibu na boti kiasi cha kupata kasi bila kukaribia jukwaa. Teremka, toka kidogo kuelekea maji tulivu, kunja magoti, halafu geuza ubao upande wimbi. Macho yatangulie: ukitazama miguu, utaishia miguuni. Pua ya ubao ikivuka kilele, nyoosha mguu wa nyuma kwa nguvu, mara moja, kisha vuta magoti yote mawili kifuani. Wengi tunachelewa hapo. Wimbi linakuwa limeshapita chini yetu, tunasukuma povu. Mimi naanza kunyoosha mapema kidogo kuliko moyo unavyotaka, na ndipo ubao unanyanyuka.

Ukiwa hewani, shika ukingo wa ubao kwa mkono mmoja. Watu hudhani ni mapambo, kumbe mkono huo ndio unaouzuia ubao usiachane na nyayo, kwani miguu haijafungwa.

Ukianguka, jitupe mbali na ubao, usitangulize kichwa, na ibuka ukiwa umekikinga kwa mikono.

Kutua kulinisumbua kuliko kupaa. Hewani hakuna kinachokusukuma, na boti haikusubiri. Kwa hiyo pua ielekee boti, ubao utue kwenye mteremko wa wimbi, wala si nyuma ya kilele, magoti yapokee uzito. Papo hapo egemea mguu wa mbele, kabla hujafurahi. Mara yangu ya kwanza kutua nilisimama wima kwa furaha, na wimbi likaniacha. Mara ya pili nilibaki nimeinama, uzito wote mbele, hadi nikahisi maji yananisukuma tena.