Mkanda wa jimu, mm 10 au mm 13? Soma hapa kabla hujatoa hela

Swali la mkanda wa kunyanyulia vyuma, uwe na unene wa milimita (mm) ngapi, linaulizwa kila siku kwenye jimu za hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, na jibu linalotolewa mara nyingi ni moja tu, chukua mnene kabisa ndo unaokaza mgongo. Sikubaliani kabisa. Mnene kabisa ni wa watu wachache, wengi wetu tutakaa vizuri zaidi na mm 10 na wengine hata chini ya hapo, na ntaeleza kwa nini ili ukienda kununua usiuziwe maneno.

Kwanza tuelewane mkanda unafanya kazi gani maana hapa ndo wengi wanapotelea. Ukivuta hewa ikashuka tumboni, ukaifungia humo, alafu ukakaza tumbo lote, mbele, ubavuni na nyuma, mgandamizo wa ndani ya tumbo unapanda, na huo ndo unausaidia uti wa mgongo usikunjike ukiwa chini ya chuma. Mkanda ni ukuta wa kusukumia tu, tumbo likitaka kutanuka linakutana na kitu kigumu, mgandamizo unapanda zaidi. Sasa mtu ambaye hajui kusukuma tumbo hata umfunge ngozi nene kiasi gani atatoka na michubuko tu.

Jipime leo hii hii kabla hujafikiria mm ngapi. Simama, weka vidole gumba nyuma kiunoni, pale kati ya mbavu za mwisho na nyonga, vidole vingine vije mbele kwenye tumbo, vuta pumzi bila kupandisha mabega, alafu sukuma vidole vyote vitoke nje kwa pamoja. Kama kinachopanda ni kifua, au tumbo linatoka mbele peke yake na ubavuni kumetulia tuli, mkanda bado haujakuhusu, piga skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) za uzito wa kawaida bila mkanda miezi kadhaa mpaka mwili uzoee. Mkanda utaukuta tu, hauishi dukani.

Haya, unene wenyewe. Sokoni utakutana na mikanda ya nailoni ya kufunga kwa velkro, hiyo ni laini na myembamba, alafu ya ngozi ya mm 6 na kitu, alafu ngozi ya mm 10, alafu ngozi ya mm 13. Zaidi ya 13 usihangaike kutafuta, maana IPF, lile shirikisho la kimataifa la powerlifting, yaani mashindano ya skwati, benchi na dedilifti (kuvuta chuma kutoka sakafuni), sheria zake zinasema unene mwisho mm 13 na upana mwisho cm 10, kwa hiyo mkanda unaozidi hapo hata ukiupata hutapanda nao jukwaani kwenye mashindano yao. Wale wa Olimpiki, yaani wanaonyanyua nondo (chuma kirefu chenye sahani za uzito) mpaka juu ya kichwa kwa mitindo ya snachi na klini na jeki, wako chini ya IWF, shirikisho lao la kimataifa, na wao wanabanwa upana, usizidi cm 12, na ukiwaangalia wengi wao wanavaa mikanda myembamba au ile mipana nyuma na miembamba mbele, kwa sababu nondo inapita karibu kabisa na mwili na mtu anatakiwa achuchumae chini haraka, mkanda mnene mbele unamkwamisha.

Kwa hiyo ukiwa mtu wa mazoezi ya mchanganyiko, leo unakimbia barabara ya kupanda Capri Point kesho unapiga vyuma keshokutwa unaruka kamba, nailoni au ngozi ya mm 6 inakutosha kabisa, inakunjika, inaingia kwenye begi, unafunga na kufungua kwa sekunde. Shida ya velkro ni kwamba siku ukiweka kilo nyingi na ukasukuma tumbo kweli kweli inaweza kuachia katikati ya skwati, na nyuzi zake zikishajaa vumbi na nywele hazishiki tena kama mwanzo. Ikifika hapo hamia ngozi.

Sasa vita yenyewe, 10 na 13. Ngozi nzuri ya mm 10 tayari ni ngumu, tumbo la mtu wa kawaida haliwezi kuikunja. Hizo mm 3 za juu zinaongeza ugumu ndio, ila zinakuja na gharama zake, mkanda mzito, unachelewa kulainika, kuufunga mpaka mtu akusaidie kuvuta, na kingo zake zinauma. Chukua kijana wa kilo 65, kiwiliwili kifupi, anaskwati kilo 100. Mfunge 13. Akianza kushuka kingo ya chini inagonga mfupa wa nyonga, ya juu inasukuma mbavu, yeye badala ya kuwaza pumzi anawaza maumivu, anajiinua kidogo kukwepa, hewa inatoka na akifika chini hana kitu tumboni. Kwenye dedilifti ndo balaa zaidi maana pale unaanza ukiwa umeinama, mkanda umeshabana kabla hata hujashika nondo. Kijana huyo huyo kwenye mm 10 anafanya kazi yake vizuri tu.

Upande wa pili kuna jamaa wa kilo 110, kifua kipana, anavuta dedilifti ya kilo 230 na skwati haiko mbali na hapo. Huyu 13 inamfaa, tumbo lake kubwa linasukuma kwa nguvu nyingi na ana nafasi ya kutosha kati ya mbavu na nyonga. Kwa maoni yangu kama skwati na dedi zako bado hazijagusa kilo 200, na hushindani, 13 haikupi kitu ambacho 10 haijakupa. Na wapo wanyanyuaji wakubwa tu wanaobaki na 10 maisha yao yote, kwa hiyo usione kama 10 ni ya watoto. Viwanda vinavyoheshimika kama Inzer vinatengeneza mkanda ule ule kwa unene wa aina zote mbili, mteja anachagua.

Na hizo kilo ziwe za kweli! Jimu zetu nyingi sahani zimechomelewa na fundi mtaani, nyingine ni zege kwenye kopo la rangi, imeandikwa 20 kwa chaki basi tumekubaliana ni 20. Kama kuna mtu unamfahamu pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba mwombe asubuhi biashara ikishatulia mpime sahani zenu kwenye mizani ya samaki, alafu andikeni uzito halisi kwa rangi. Unaweza kukuta ulichokuwa unaita 140 ni 118, na uamuzi wa mkanda unabadilika hapo hapo.

Kitu ambacho wauzaji hawasemi ni kwamba unene na ugumu ni vitu viwili. Kuna mikanda imeandikwa 13 lakini katikati wamejaza sponji au maboksi yaliyobanwa, nje wakaifunika ngozi nyembamba au hata rekzini, ukiishika inakunjika mkononi. Hiyo hata mm 6 ya ngozi tupu inaishinda. Kwa hiyo angalia kingo, pale ilipokatwa. Ngozi ya kweli utaona nyuzinyuzi na kama ni tabaka mbili utaona mstari wa gundi kati yao, hutaona sponji. Alafu ushike kwa mikono miwili, mmoja kingo ya juu mwingine kingo ya chini, jaribu kuukunja kwa upana wake, yaani kingo ya juu ikutane na ya chini. Mkanda mzuri unakataa. Ukikubali kirahisi rudisha, hata kama ni wa bei poa na umetoka kwenye mtumba wa Mlango Mmoja na una maandishi ya Ulaya. Kama unaagiza kutoka Dar au nje mwambie muuzaji aweke rula ya shule kwenye kingo apige picha akutumie, akianza kuzunguka zunguka tafuta mwingine.

Upana nao uuangalie maana unafanya kazi pamoja na unene. Wengi ni cm 10. Lakini pima nafasi yako, kaa kwenye kiti, gusa mbavu ya mwisho ubavuni na gusa juu ya nyonga, ukiona hapo katikati pamebaki padogo, na hii inawatokea sana dada zetu na watu wa viwiliwili vifupi, chukua wa cm 7.5 wa mm 10. Huo utakusaidia kuliko cm 10 inayokuchubua kila wiki. Kiuno pima kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu, usitaje saizi ya suruali, suruali inakaa chini ya hapo na itakudanganya kwa inchi kadhaa. Chagua saizi ambayo utafunga tundu la katikati ili ukinenepa au ukipungua bado ubaki nao.

Kuna wanaouliza kama fundi viatu anaweza kutengeneza. Anaweza, huku Kanda ya Ziwa ng'ombe tunao na ngozi sio kitu cha kutafuta mbali, ila usimamie mwenyewe. Mwambie unataka ngozi nene ya ng'ombe iliyokauka vizuri, tabaka mbili zigundishwe alafu zishonwe kuzunguka kingo zote na mstari mwingine wa kushona katikati, gundi peke yake jasho litaiachanisha. Ukipima ikatoka mm 8 au 9 usimlazimishe aongeze tabaka la mpira wa tairi ili ifike 10, mpira unavutika na mkanda wa kunyanyulia hautakiwi kuvutika hata kidogo. Kichwa cha mkanda kiwe chuma kizito, kile cha mkanda wa suruali kitapinda siku ya kwanza. Pini moja, yaani kile kijiti cha chuma kinachoingia kwenye tundu, inatosha, ni rahisi kuifunga kuliko mbili na inashika vile vile. Matundu yakae karibu karibu, kama cm 2.5 hivi, yakiwa mbali mbali utakuwa unachagua kati ya kulegea na kukosa hewa. Mkanda wa hivyo kwa mazoezi uko sawa, ila mashindano ya IPF ya kimataifa mikanda inabidi iwe kwenye orodha yao iliyoidhinishwa kwa hiyo hapo utanunua wa kiwandani.

Ukishaupata mpya, hasa 13, wiki za mwanzo utakuchubua, usikate tamaa na usiulowanishe maji wala kuupaka mafuta ya kupikia, ngozi ikilainika kwa mafuta haurudi ugumu wake. Ukunje kama mkeka, kwa ndani alafu kwa nje, mara nyingi nyingi ukiwa umekaa nyumbani, na uvae juu ya tisheti nene. mm 10 unazoeleka mapema, 13 unaweza kukutesa hata miezi.

Kufunga usifunge mpaka macho yakutoke. Kidole kiingie kati ya mkanda na tumbo kabla hujavuta pumzi, ukishavuta kisiingie. Kwenye skwati uweke usawa wa kitovu au juu yake kidogo, kwenye dedi wengi wanaupandisha zaidi, tafuta pale ambapo haubani mbavu ukiinama. Na uvae seti nzito tu, kama asilimia 80 ya uwezo wako na kuendelea, seti za kupasha mwili piga bila mkanda, na za mikono hazihusiki kabisa. Ukimaliza seti fungua upumue. Kama una presha ya damu, au henia, au mjamzito, ongea na daktari kabla, kufungia pumzi chini ya uzito kunapandisha presha ya damu juu sana kwa muda ule na sio kitu cha kujaribu jaribu.

Hali ya hewa ya ziwani nayo ina neno lake. Mkanda uliolowa jasho ukiufungia kwenye begi usiku kucha, msimu wa mvua hasa, siku chache tu una ukungu mweupe na harufu. Utoe, ufute na kitambaa kikavu, uning'inize kivulini penye upepo. Usiuanike juu ya bati wala juani kwenye mawe, ngozi inakakamaa na kupasuka na gundi inaachia.

Kama mnanunua wa jimu wa kutumia watu wote, msichukue wa leva, yaani wa kufunga kwa kishikio cha chuma badala ya pini. Leva ni tamu kwa mtu mmoja, unafunga kwa mkono mmoja tap, lakini nyingi kubadilisha saizi lazima bisibisi, na kila mtu akiingia mnaanza kufungua skrubu. Chukueni mm 10 za pini moja, mmoja saizi ya kati na mwingine mkubwa, na fundi awatobolee matundu mawili ya ziada upande wa ndani kwa ajili ya wale wembamba.